Dirisha la kuongeza printa kwa mkono kwenye Windows: la kizamani, lakini ndilo la kutumia

Printa ya mtandao inayojitokeza yenyewe kwenye orodha ni raha mpaka siku umeme unapokatika. Ukirudi, rauta inagawa anwani upya, printa inaamka na namba nyingine, na kompyuta zote za ofisi zinaandika "Offline" wakati mashine iko palepale, taa ya kijani inawaka na trei imejaa karatasi. Kwenye steshenari yenye foleni ya watu wanaotaka kuprinti fomu, hiyo ni nusu saa ya biashara imepotea bure.

Dawa ni kuacha kuisubiri Windows iitafute printa, badala yake uiambie mwenyewe ilipo. Dirisha la kufanyia hivyo lipo, limefichwa, na sura yake bado ni ya enzi za Windows 7. Tathmini hii ni ya dirisha hilo kama linavyokuja ndani ya Windows 10 na 11, tukilipima pia na njia za macOS na Linux. Mitambo yake ya ndani ni mizuri. Tatizo ni visanduku vinavyokuja vimeshatiwa tiki, ambavyo vingi ungependa vingekuwa vitupu.

Anwani kwanza, kompyuta baadaye

Kabla ya kugusa kompyuta, chapisha ukurasa wa taarifa za mtandao kutoka kwenye printa yenyewe. Zenye kioo unaupata kwenye menyu ya ripoti. Zisizo na kioo huwa na kitufe cha kushikilia sekunde kadhaa. Kwenye ukurasa huo unatafuta vitu viwili: anwani ya IP, yaani namba ya printa kwenye mtandao, na anwani ya MAC, kitambulisho cha kifaa chenyewe, yenye herufi na tarakimu 12. Ukikuta IP inaanza na 169.254, usiendelee. Maana yake printa haikupewa anwani na rauta, ikajipachika yake. Kagua kebo, au nywila ya Wi-Fi. Printa nyingi za bei ya chini, kama Epson L3250 iliyojaa kwenye maduka ya picha na steshenari, zinashika mawimbi ya 2.4 GHz tu. Ukiiunganisha na jina la Wi-Fi la 5 GHz haitaliona wala kulisikia.

Baada ya hapo ingia kwenye rauta, nenda sehemu ya DHCP, ile inayogawa anwani, na uifungie printa anwani moja kwa kutumia MAC yake. Njia hii ni bora kuliko kuandika IP ya kudumu kwenye printa yenyewe, kwa sababu rauta inajua namba hiyo ina mwenyewe na haitampa mtu mwingine. Ukilazimika kuiandika kwenye printa, chagua namba iliyo nje ya zile rauta inazogawa. Kama inagawa kuanzia 192.168.1.100 hadi 200, ipe printa 192.168.1.50.

Asiyefanya hivi huvuna shida moja ya ajabu: ping (amri ya kupima kama anwani inaitika) inajibu, printa haiprinti. Kinachojibu ni simu ya mtu iliyopewa namba ileile. Andika `arp -a` kwenye kompyuta, tafuta mstari wa anwani ya printa, linganisha MAC iliyopo hapo na ile ya kwenye ukurasa wa printa. Zikitofautiana, mchawi umeshamjua.

Hakikisha pia kwamba kompyuta inaifikia poti ya kuprintia, yaani mlango wa printa unaopokea kazi, si anwani tu. Kwenye PowerShell, dirisha la amri la Windows:

`Test-NetConnection 192.168.1.50 -Port 9100`

Mstari wa mwisho ukisema `TcpTestSucceeded : True`, nusu ya kazi imeisha. Ukisema False huku ping inajibu, ama poti imezimwa kwenye printa, ama mko kwenye Wi-Fi ya wageni ambayo rauta huzuia vifaa visionane. Hakuna draiva (programu ya kuiongoza printa) itakayotibu hilo.

Kulifikia dirisha lenyewe

Hapa Windows 11 inastahili kulaumiwa. Unafungua Settings, kisha Bluetooth & devices, kisha Printers & scanners, unabonyeza Add device, halafu unasubiri itafute vifaa ambavyo unajua haitaviona, ndipo kiungo cha kuongeza kwa mkono kijitokeze chini. Maneno ya kiungo hicho nayo yamebadilika toleo hadi toleo. Njia ya mkato ni kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kisha kuandika:

`rundll32 printui.dll,PrintUIEntry /il`

Dirisha linafunguka hapohapo. Chagua kuongeza printa kwa anwani ya IP au jina la kifaa. Kinachofuata ni kuchagua aina ya kifaa, na hapo ndipo watu wengi wanapoteleza kwa kuacha Autodetect.

Autodetect inaweza kukuletea poti ya WSD. Poti hiyo haishiki anwani. Inaitafuta printa kwa kupiga mbiu mtandaoni kila inapoihitaji, kupitia UDP 3702. Mbiu hiyo haivuki kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine, na printa iliyolala mara nyingine haiitikii. Ndiyo chanzo cha "Offline" nyingi zisizo na sababu. Chagua TCP/IP Device. Kwa ofisi ya kawaida hilo ndilo chaguo pekee la maana kwenye orodha hiyo, isipokuwa kwa mashine mpya zisizo na draiva, ambazo IPP, itifaki ya kuprinti isiyodai draiva ya mtengenezaji, inazifaa.

Ubora wa TCP/IP unaonekana pale ofisi inapoongeza rauta ya pili kwa kuichomeka kwenye ya kwanza, jambo la kawaida sana kwenye majengo ya vyumba vingi. Rauta ya pili inaunda mtandao wake, tuseme 192.168.0, wakati printa iko 192.168.1. Aliye nyuma ya rauta ya pili hawezi kuiona printa kwa kutafuta, lakini akiandika anwani yake anaprinti bila shida, kwa sababu rauta hiyo inamtoa nje kama inavyomtoa kwenda intaneti. Kinyume chake hakiwezekani: printa ikiwa nyuma ya rauta ya pili, walio mbele hawaifikii. Kwa hiyo printa ikae kwenye rauta ya kwanza, siku zote.

Chini ya sehemu ya anwani kuna kisanduku kinachosema Windows iiulize printa na ichague draiva yenyewe. Ondoa tiki. Ukiiacha, Windows inaweza kukupa draiva ya jumla inayoprinti, sawa, lakini trei ya pili haipo na mipangilio ya mashine imepungua.

Mara nyingine dirisha litagoma na kusema kifaa hakijapatikana. Usikimbie. Dirisha hili huhoji printa kwa SNMP, itifaki ya kuulizia hali ya kifaa, na printa iliyofungiwa SNMP haijibu hata kama ni nzima. Acha Generic Network Card ilivyo, bonyeza Next. Poti itaundwa ya Raw 9100 na itafanya kazi.

Mipangilio ya poti

Kama ungepewa nafasi ya kukumbuka sehemu moja tu ya kazi hii, iwe hii. Fungua Printer properties, kichupo cha Ports, kisha Configure Port.

Raw kupitia 9100 ndiyo ya kuanzia. Ni bomba tu: kompyuta inamimina data, printa inachapa. LPR, inayopita poti 515, ni itifaki kongwe iliyoandikwa kwenye RFC 1179 ya mwaka 1990, na inahitaji jina la foleni. Kwenye mashine nyingi `lp` inakubalika, ila mwongozo wa printa ndiyo hakimu. Ukiitumia, tia tiki kwenye LPR Byte Counting, kwa sababu itifaki hii inataka ukubwa wa kazi utangulie kabla ya data. Bila tiki hiyo Windows haihesabu kwanza, na baadhi ya printa zinakaa zikisubiri baiti ambazo haziji, au zinatupa kazi yote.

Chini kabisa kuna SNMP Status Enabled. Mara nyingi utaikuta ina tiki. Kazi yake ni kuiuliza printa hali yake kwa UDP 161, kwa neno la siri la kawaida ambalo ni `public`. Kama printa imefungiwa SNMP, au neno hilo limebadilishwa na mtu wa usalama, Windows haipati jibu, na kwa akili yake hiyo ni "Offline". Kazi zinarundikana kwenye foleni wakati njia ya 9100 iko wazi kabisa. Ondoa tiki, bonyeza OK, na mara nyingi zile kazi zilizorundikana zinaanza kutoka zenyewe, kwa hiyo usishangae printa ikitema nakala sita za barua ileile ambayo mhusika aliibonyeza mara sita kwa hasira. Unachokosa kwa kuizima ni taarifa ya wino au karatasi kwenye kompyuta. Si hasara kubwa.

Draiva

Orodha ya draiva inayokuja na dirisha ni fupi siku hizi, na kitufe cha Windows Update kilichopo pembeni kinaweza kukusubirisha dakika nyingi. Mwezi Septemba 2023 Microsoft ilitangaza kwamba itaacha hatua kwa hatua kuhudumia draiva za watengenezaji kupitia Windows Update, hivyo usikijengee matumaini. Pakua draiva kwenye tovuti ya mtengenezaji, ifungue kwenye folda, bonyeza Have Disk, elekeza kwenye faili lenye mwisho wa .inf. Programu kubwa ya usakinishaji yenye mambo ya kujisajili na kununua wino huna haja nayo.

Kama mtengenezaji anatoa matoleo mawili, anza na PCL 6, moja ya lugha ambazo kompyuta huzungumza na printa. PostScript, lugha nyingine, ina nafuu kwa kazi za usanifu na PDF zenye michoro mizito, lakini lazima printa yenyewe iijue lugha hiyo. Draiva ya jumla ya HP, ile inayoitwa HP Universal Printing PCL 6, inafaa ofisi yenye mashine tofauti za HP kwa sababu unasakinisha moja kwa zote. Tahadhari ni kwamba draiva za jumla zinaweza kuiona printa kama haina kifaa cha kugeuza karatasi. Kuprinti pande mbili kukionekana kumefifia, ingia Printer properties, kichupo cha Device Settings, weka Duplex Unit kuwa Installed.

Karatasi yenyewe hukuambia kosa liko wapi. Ikitoka na mstari wa `%-12345X@PJL` ukifuatiwa na kurasa za alama zisizosomeka, printa imepewa lugha isiyoielewa. Draiva si yake. Ikitoka karatasi moja yenye maneno PCL XL error, lugha ni sahihi lakini hati ina kitu kilichoishinda, mara nyingi fonti ndani ya PDF. Dawa ya haraka hapo ni kuiprinti PDF kama picha, kisha utafute draiva mpya zaidi au uhamie PostScript.

Zipo printa ambazo hazina lugha yoyote ya jumla ndani yake. HP LaserJet 1020 ni mfano maarufu: kazi yote ya kupanga ukurasa inafanywa na kompyuta. Hizo PCL haizisaidii. Zinataka draiva yake tu. Na mwenye laptopu yenye prosesa ya ARM ajue kwamba draiva ya x64, ya prosesa za Intel na AMD, haikubali humo. Kama mtengenezaji hana ya ARM64, kimbilia IPP.

Kwa kompyuta kumi au ishirini, kubonyeza dirisha ni kujitesa. PowerShell iliyofunguliwa kama msimamizi inamaliza kazi kwa mistari minne:

`pnputil /add-driver C:\Draiva\*.inf /install`
`Add-PrinterDriver -Name "HP Universal Printing PCL 6"`
`Add-PrinterPort -Name "IP_192.168.1.50" -PrinterHostAddress "192.168.1.50"`
`Add-Printer -Name "Uhasibu" -DriverName "HP Universal Printing PCL 6" -PortName "IP_192.168.1.50"`

Jina la draiva lazima lifanane herufi kwa herufi na lililo ndani ya .inf, nafasi iliyokosekana kati ya PCL na 6 inatosha kukugomea. Zuri la njia hii ni kwamba poti inaundwa bila SNMP, yaani ile tiki mbaya haipo tangu mwanzo.

Kwa nini isiwe kushea kutoka kompyuta moja

Wengi bado wanaunganisha printa kwenye kompyuta ya sekretari na kuishea kwa wengine. Kama printa ina waya wa mtandao au Wi-Fi, achaneni na hilo. Kompyuta hiyo ikizimwa, ofisi nzima imesimama. Kubwa zaidi, baada ya PrintNightmare, udhaifu wa kiusalama kwenye mfumo wa kuprinti wa Windows, wa Julai 2021 Microsoft ilikaza masharti: tangu Agosti 2021 mtumiaji asiye msimamizi hawezi kusakinisha draiva kutoka kompyuta inayoshea, na masasisho ya Septemba mwaka huo yakaleta kosa la 0x0000011b kwa wengi. Mtandaoni utashauriwa uweke RpcAuthnLevelPrivacyEnabled kuwa 0 kwenye rejista. Linatibu, lakini kwa kuufungua upya mlango uliofungwa kwa sababu nzuri. Printa ikiwa na IP yake, kila kompyuta inaongea nayo moja kwa moja na mjadala wote huo haukuhusu.

Jirani zake

macOS ina dirisha safi zaidi: Printers & Scanners, ongeza printa, alama ya dunia, andika anwani, chagua itifaki. Chagua AirPrint (itifaki ya Apple) au IPP kwanza, sehemu ya foleni iache tupu. Mtego wake ni mmoja: Mac isipoitambua mashine inaweza kukuwekea Generic PostScript Printer kimyakimya, na printa isiyojua PostScript itamwaga kurasa zinazoanza na `%!PS-Adobe-3.0`. Angalia sehemu ya Use kabla ya kubonyeza Add.

Linux, kupitia CUPS, mfumo wake wa kuprinti, ndiyo inayoshinda kwa uwazi. Mstari mmoja:

`lpadmin -p Uhasibu -E -v ipp://192.168.1.50/ipp/print -m everywhere`

Hakuna draiva ya kupakua kama printa inajua IPP Everywhere au AirPrint. Printa iwe imewashwa unapoandika amri hiyo, maana CUPS inaihoji papo hapo. Kero yake ni foleni kusimama kabisa kazi moja ikishindwa, hata umeme ukirudi na printa ikiwa tayari. Iamshe kwa `cupsenable Uhasibu`, au uiongezee `-o printer-error-policy=retry-job` tangu mwanzo ili ijaribu tena yenyewe.

Mabaki yanayokera

Poti ya TCP/IP inaleta kuprinti tu. Kama mashine ni ya kuskani pia, hilo halimo. Unasakinisha programu ya skani ya mtengenezaji peke yake. Mtu akilalamika kwamba tangu uongeze kwa mkono skani imepotea, hajakosea.

Karatasi nayo. Windows iliyowekwa kwa eneo la Marekani huipa printa ukubwa wa Letter. Printa inasimama ikidai karatasi ambayo hapa hakuna duka linaiuza, na mtumiaji anaona mashine imekufa. Weka A4 kwenye kichupo cha Advanced, ndani ya Printing Defaults, ili iwashike watumiaji wote wa kompyuta hiyo. Ukiweka kwenye Printing Preferences, umembadilishia aliyeingia tu.

Zima pia "Let Windows manage my default printer". Ikiwaka, printa ya kawaida inabadilika kufuata uliyoitumia mwisho, na aliyehifadhi PDF asubuhi anashangaa mchana barua haitoki.

Foleni ikiganda na kazi ikigoma kufutika, fungua Command Prompt kama msimamizi:

`net stop spooler`
`del /Q C:\Windows\System32\spool\PRINTERS\*.*`
`net start spooler`

Kazi zote za kompyuta hiyo zinafutika, hivyo waambie watu kwanza.

Jambo la mwisho ni swichi mpya iliyokuja na Windows 11 toleo la 24H2, mwaka 2024, inayoitwa Windows protected print mode. Kiusalama ni hatua nzuri, kwa sababu inaondoa draiva za watengenezaji na kubakisha IPP peke yake. Lakini ukiiwasha kwenye ofisi yenye mashine za zamani, printa zote ulizoziongeza kwa draiva zake zinaondoka kwenye orodha, na ukiizima itabidi uziongeze upya moja moja. Kabla ya kuigusa angalia kama printa yako ina cheti cha Mopria, muungano wa watengenezaji wa printa. Kama haina, iache swichi hiyo ilivyo.